Safari ya Vilimani na Moto wa Mwali

Alhamisi, mwezi 1 Mfungo Tisa, mwaka 1323

Mwezi umeandama. Bi Tatu, somo wangu anayenifunda, ameuona alipotoka kwenda mtoni. Mimi nimeambiwa tu. Huu ni mwezi wangu wa saba ndani.

Asubuhi nimesuguliwa liwa, nimekunywa uji, nimesuka ukili pima mbili. Kisha Baba amekuja nyuma ya nyumba kunisomesha. Yeye hukaa nje, mimi hukaa ndani, kati yetu ukuta wa fito na udongo. Pana ufa pale udongo ulipobanduka, upana wa viganja viwili. Hapo ndipo hupitisha karatasi na kalamu ya tete. Tangu niwekwe ndani sijauona uso wake. Naona vidole. Vina wino siku zote, maana ni mwalimu wa chuo cha Kurani.

Leo hakunipa aya ya kunakili. Ameniambia niandike orodha. Tutahamia vilimani, nyuma ya Ngorongo, kwenye msitu, kwa siku chache. Alisema, "Kama tunavyohamia dungu mto ukijaa."

Lakini mto haujajaa hata tupande vibanda vya nguzo. Mahindi ya mlau yanakomaa, yale tunayoyapanda maji yakishuka. Hakuna anayehama wakati wa mlau.

Nimeandika: chungu kimoja. Panga. Shoka. Mikeka miwili. Chumvi. Mbegu za mtama kwenye kibuyu. Msahafu. Blanketi la mtoto, mdogo wangu anayenyonya. Nikaongeza: Hawa. Hilo ni jina langu. Baba aliposoma alicheka kidogo upande wa pili wa ukuta.

Sijapata kufika vilimani. Athumani, kaka yangu, aliwahi kufuata asali huko. Anasema miti yake ni minene kuliko nyumba. Nimelifikiria hilo mchana kutwa.

Jumamosi, 3

Sasa najua sababu. Bi Tatu kaniambia akinisuka nywele. Umatumbini watu wameng'oa pamba ya Mdachi, ile ya kulimishwa kwa viboko, shamba zima, wakaiacha juani ikauke. Askari wamekwenda. Watu wamekufa. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja samaki aliowaona sokoni. Mikono yake ilikuwa baridi kichwani mwangu.

Mama na Bibi wamegombana juu ya kinu. Mama anataka kukibeba. Bibi akamwambia, "Kibebe, mwanangu, na nyumba nayo uibebe. Mdachi akikukuta njiani atafikiri unamtwangia yeye." Mama alicheka, kisha nikamsikia akilia. Kinu kimefutwa kwenye orodha.

Halafu Bibi akasema la pili, na hapo hakuna aliyecheka. Mimi siendi.

Mwali hatolewi kama mwizi, alisema. Hutoka kwa ngoma, mchana, anavuka kizingiti watu wakimtazama. Akivuka kabla ya siku yake, ni mkosi kwake na kwa watoto atakaowazaa. Ngoma yangu iliwekwa Shabani, baada ya mavuno. Baba akamwambia, "Mama, basi tumcheze Ijumaa hii." Bi Tatu akasema akida, mtu wa Mdachi, amepiga marufuku ngoma zote, maana askari wakisikia ngoma wanajua ni ya vita.

Kwa hiyo siwezi kutoka bila ngoma, na ngoma haipigwi.

Bibi ni mama yake Baba. Baba akainuka, akaenda chuoni kwake. Nimeogopa kuliko nilivyoogopa habari ya Umatumbini.

Jumanne, 6

Athumani alipotea siku tatu. Leo amerudi. Alikwenda kwa mganga ng'ambo ya mto kunywa maji ya dawa. Bi Tatu anasema ana kipande cha bua la mtama kwenye paji la uso, kimefungwa kwa kamba, na macho hayatulii. Ameambiwa asikae na wanawake wala asile chakula walichokigusa. Akasimama uani mbali na sote.

Bibi kamchokoza. "Mume wangu, hata salamu humpi mkeo? Maji gani hayo yanayovunja ndoa?"

"Bibi, niache. Nimekatazwa."

"Umekatazwa mimi, au umekatazwa ugali wangu?"

Nilimsikia Athumani akijizuia kucheka. Ana miaka kumi na saba. Anasema risasi ya Mdachi ikimfikia mwenye dawa itageuka maji na kumtiririka mwilini. Baba alikuwa kwenye baraza. Akasema risasi ni risasi, na mwenye kugeuza vitu ni Mungu peke yake. Athumani akamjibu kwa adabu kwamba mgongo uliochapwa kwenye pamba ni wa kwake, si wa Baba.

Jioni Athumani akaja kwenye ufa. Hakutia mkono. Alisukuma kibuyu kidogo kwa kijiti. Kina maji ya dawa, mafundo mawili hivi. "Ukiogopa, jipake," akasema. Akaondoka kabla sijanong'ona neno.

Najua Baba anasema kweli. Hata hivyo naomba Athumani naye awe anasema kweli. Kibuyu nimekificha chini ya kitanda.

Ijumaa, 9

Askari wamepita njia ya kijiji cha Mkongo. Wamechukua mbuzi na wanaume sita wa kubeba mizigo. Mume wa Bi Tatu ni mmoja wao. Bi Tatu amenisugua liwa kama kawaida. Nilimwambia pole. Aliendelea kusugua mkono uleule mpaka ukaniuma.

Alasiri tumesikia bunduki. Mbali, upande wa Mohoro. Nilidhani mtu anapasua kuni.

Athumani ameondoka na wenzake. Hakuaga.

Baba ameamua. Jumatatu yeye na Mama watakwenda vilimani na mtoto na mizigo. Atajenga kibanda. Alhamisi atarudi kunichukua mimi na Bibi, na Bibi atake asitake. Hayo ameninong'oneza mimi tu, kwenye ufa. Niliona vidole vyake vikishika ukingo wa udongo. Nikavigusa. Hakuviondoa.

Jumatatu hadi Alhamisi ni siku tatu. Siku tatu si nyingi.

Jumatatu, 12

Wamekwenda kabla jua halijapanda. Mama alikuja chumbani, akaniwekea mtoto mapajani nimbusu. Alinuka maziwa. Mama akasema nisisahau kula. Hakusema lingine.

Kijiji kizima kimehama. Nilisikia milango ikifungwa mmoja mmoja, mbuzi waliobaki wakiswagwa, kisha kimya. Tumebaki watatu: Bibi, Bi Tatu, na mimi. Bi Tatu amebaki kwa ajili yangu. Somo hamwachi mwali wake.

Jumanne, 13

Leo nimefikiri jambo na haliniachi.

Kwetu, msichana akiwekwa ndani, Bibi huwasha moto wake kwenye mafiga ya chumba cha pili. Ni moto wa mwali. Hauzimwi hata siku moja mpaka atolewe. Ukizimika ni kama yeye amezimika. Bibi ameulisha kuni miezi saba. Hulala karibu nao. Moshi hupenya paa na kwenda juu.

Zamani ulikuwa moshi mmoja kati ya moshi mwingi. Tangu jana hakuna anayepika kijijini ila sisi. Moshi wetu uko peke yake. Mtu aliye Mkongo akitazama huku ataona uzi mmoja mbinguni, na mwisho wa uzi huo ni mimi.

Nilitaka kumwambia Bibi. Lakini mwali hamfundishi mkubwa kazi. Hasemi naye kwa mdomo; hupiga kofi moja akitaka maji, mawili akitaka kutoka uani, na hakuna kofi la jambo kama hili. Nikaliandika kwenye karatasi, kwa hati nzuri, nikatia na heshima zote. Nikaitazama. Bibi hajui kusoma. Bi Tatu hajui kusoma. Miaka sita nimefundishwa kuandika, na anayeweza kunisoma yuko vilimani anakata fito.

Mwishowe nilimnong'oneza Bi Tatu. Akapeleka kwa Bibi. Nikasikia jibu: "Moto kama huu umeniona mimi nikitolewa, na mama yangu, na wote. Ukimtisha mwali, Tatu, mimi na wewe tutakosana."

Sikurudia. Natamani ningerudia.

Jumatano, 14

Naandika nimejificha ndani ya matete. Hati imepinda. Baba, ukisoma hati hii nisamehe.

Walikuja baada ya adhuhuri. Bi Tatu alikuwa amekwenda mtoni. Bibi alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Nilisikia viatu. Hapa kwetu hakuna mwenye viatu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni. Uji haujaiva."

"Wenzako wako wapi?"

"Wamekwenda matangani."

"Kijiji kizima?"

"Marehemu alipendwa."

Mmoja akacheka. Mwingine hakucheka. Akauliza nani yumo ndani, moto huu anapikiwa nani. Nilijua Bibi hawezi kumwambia mwanamume mgeni kwamba ndani mna mwali. Nilichukua kibuyu cha Athumani, nikajipaka. Paji la uso, mikono, kifua. Nilisoma Ayatul Kursiy huku najipaka. Nimefanya yote mawili kwa pamoja. Ni hivyo ilivyokuwa.

Bibi akasema, "Mjukuu wangu. Ana ndui."

Nikasikia viatu vikirudi nyuma. Nikafurahi. Nilidhani tumepona.

Kisha yule asiyecheka akasema nyumba ya ndui huchomwa, ndiyo amri. "Toka, bibi. Tunawasha."

Bibi akasema ngojeni nitoe kigae changu. Akaingia. Hakupiga kelele. Akachota makaa ya moto wangu, akayatia kwenye kigae, akayafunika majivu. Akaja chumbani kwangu, akanisukuma ukutani, kwenye ufa. Nje Bi Tatu alikuwa amekwishafika, amepita kwenye mahindi, anang'oa fito kwa mikono. Udongo uliniangukia machoni. Nilipita kichwa kwanza, kibuyu, karatasi, kalamu na wino vikiwa vimefungwa kwenye nguo yangu. Mguu ulichanika. Paa lilikuwa linavuma juu yetu.

Bibi alitoka kwa mlango wa mbele, na kigae chake, polepole, kama mtu aendaye kuomba chumvi kwa jirani. Tulisikia askari mmoja akiuliza, "Na mgonjwa je?" Wakaondoka.

Kwa hiyo wanadhani nimeungua. Wameniacha niungue, wakaenda zao.

Alhamisi, 15

Bibi alitukuta kwenye matete jana jioni. Alikaa chini. Akasema, "Uongo wangu mwenyewe," mara moja, na tangu hapo hajalisema tena. Nilitaka kumwambia na mimi nina hatia, kwamba niliuona moshi, nikanong'ona mara moja tu, kisha nikanyamaza. Nikanyamaza tena.

Kisha akanitazama sana. Akauliza, "Ulipita mlangoni?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi hukuvuka kizingiti. Bado u mwali." Akamgeukia Bi Tatu. "Mfunike."

Bi Tatu alinifunika kaniki kichwa mpaka magoti. Tumetembea tangu alfajiri. Miezi saba sijatembea zaidi ya uani, miguu haina nguvu, na wa kulia umevimba. Bi Tatu amenibeba mgongoni vipande vya njia. Ninachoona ni visigino vyake na vumbi. Nasikia kila kitu. Kware, matawi, pumzi zetu. Kila kijiti kinachovunjika nadhani ni kiatu.

Saa tisa tumesikia mtu mbele yetu. Bi Tatu akanitupa kichakani, akanilalia. Alikuwa Baba. Alikuwa anarudi kutuchukua kama alivyoahidi. Alikuwa ameuona moshi mkubwa jana akiwa njiani, na alikuwa anakimbia.

Aliponiona nimefunikwa alisimama. Hakunikaribia. Akageuka, akatupa mgongo, kama impasavyo baba aliyekutana na mwali njiani. Nilimsikia akisema Alhamdulillahi mara nyingi, sikuhesabu. Kisha akatangulia. Njia nzima hakugeuka hata mara moja. Nilichungulia chini ya kaniki. Nimeuona mgongo wake. Kanzu imechanika begani.

Jumapili, 18. Vilimani

Tumefika. Kibanda ni cha matawi, kimeezekwa nyasi, kimeegemea mti wa mkongo. Athumani alisema kweli juu ya miti, ingawa mimi nimeona mashina tu, kwa chini. Nimetengewa pembe yangu kwa mkeka uliosimamishwa. Mama amenikumbatia kupitia kaniki.

Zipo nyumba nne hapa, zote za kijiji chetu. Sheria ni hizi. Hakuna moto mchana. Hakuna kuita mtu kwa jina lake. Hakuna kutwanga. Mahindi tunayalowesha na kuyatafuna. Chemchemi iko mbali na inatoa maji kidogo kama machozi, Mama huondoka alfajiri kuyafuata. Wanaume wanasema simba wameanza kufuata njia za watu. Watoto wamefundishwa kulia bila sauti. Mdogo wangu hajui bado, hivyo Mama anampa ziwa kila anapofumbua kinywa.

Makaa ya moto wangu yako kwenye kigae, chini ya majivu. Bibi huyapulizia kidogo. Hayatoi moshi.

Orodha yangu ilisahau sindano, sufuria ndogo, na dawa ya vidonda. Kinu nacho tulikifuta. Hata kama hapa hakutwangwi, Mama anakitaja kila siku.

Alhamisi, 22

Bunduki jana mchana kutwa, upande wa mtoni. Si moja moja. Zilifuatana kama mvua juu ya makuti. Hakuna aliyekula. Baba aliswali mpaka magoti yakamshinda.

Leo amepanda mtu mmoja kutoka bondeni, amejeruhiwa ubavuni. Alikuwa na bua la mtama kwenye paji la uso. Nilimsikia kutoka nyuma ya mkeka. Alisema walikwenda wakiimba, wakisema maji, maji. Alisema risasi hazikugeuka. Baba akamwuliza habari za Athumani kwa jina na kwa ukoo. Akasema hakumwona akianguka na hakumwona akikimbia.

Nimebakiwa na maji kidogo kwenye kibuyu. Nilitaka kuyamwaga. Sikuweza. Mikono ya Athumani ndiyo iliyokichonga kizibo chake.

Jumamosi, 24

Mguu wangu umetunga usaha. Nina homa. Bi Tatu anasema jua na hewa vitaukausha, lakini mwali hakai juani. Mama amemwambia Bibi, na kwa mara ya kwanza nimemsikia Mama akimpandishia Bibi sauti: "Umemwokoa na moto, sasa umwue kwa mkeka?"

Bibi aliinuka. Ametoka, akakaa peke yake hadi jua likachwa.

Naogopa mguu. Naogopa kufa kabla sijauona mti mzima.

Jumatatu, 26

Bibi ametafuta gogo. Amelichagua yeye mwenyewe, la mkongo, amelisafisha kwa panga, akalilaza mbele ya kibanda. Amemwambia Bi Tatu kizingiti ni mti tu, na gogo hili ni mti. Ngoma ni kesho asubuhi.

Bi Tatu akauliza ngoma gani, bila ngoma.

Bibi akasema, "Utaona."

Jumanne, 27

Nimetolewa.

Walikuwa wanawake saba. Walisimama kando mbili za gogo. Hawakuwa na ngoma, wala njuga, wala vigelegele. Waliimba kwa kunong'ona. Nyimbo zote, zile ndefu pia, hakuna ubeti uliorukwa. Walipiga makofi kwa vidole viwili juu ya kiganja. Wakacheza kwa miguu mitupu juu ya majani makavu ambayo Mama alikuwa ameyalowesha kwanza yasilie. Ilipofika mahali pa vigelegele, Bibi alijifunika kinywa kwa mkono na kutikisa ulimi ndani yake. Wengine wakafuata. Nilisikia kama mabawa ya ndege.

Bi Tatu alinishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka, na uso wake unacheka. Nikavuka gogo. Kaniki ikaondolewa.

Mwanga uliniumiza macho. Kisha nikaona miti. Ni mirefu sana. Nilikuwa nimeiwazia minene tu, sikuiwazia urefu.

Baba alikuwa amesimama pembeni, na safari hii hakugeuka. Ndevu zake zimeingia mvi. Hazikuwa na mvi. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani. Mwisho akasema, "Umerefuka."

Kisha ilibidi moto uzimwe, maana mwali akitoka moto wake humaliziwa kwa maji. Maji ya chemchemi yalikuwa yamekwisha kwa kunywa na kulowesha majani. Nikaleta kibuyu cha Athumani. Bibi alikitambua. Akakishika kwa mikono miwili kitambo, akaninong'oneza, "Mume wangu huyu." Akang'oa kizibo. Akamimina. Makaa yakalia kidogo, yakawa meusi.

Ijumaa, 1 Rajabu

Mwezi umeandama. Nimeuona mwenyewe, kupitia matawi.

Mguu unakauka. Nakaa juani asubuhi na kusuka ukili. Bunduki hatujazisikia siku tatu. Bi Tatu hutazama njia ya bondeni, halafu anarudi kwenye kazi yake.

Nimemwambia Bibi habari ya moshi, kwamba nilijua na sikurudia kusema. Akasema, "Wewe ulinong'ona. Mimi ndiye niliyesikia nikakataa." Akanipa kipande cha muhogo.

Baba anataka orodha nyingine, ya kurudi. Hajui lini. Nimeanza: mbegu. Fito. Udongo wa ukuta. Kinu. Nimemwomba ukuta wa nyuma tuuache na ufa.

Usiku tunalala sita kwenye kibanda. Upande wa mlango nimetandika ule mkeka ulionitenga, mahali pa saba, pa Athumani.